Biskuti za kutundika mtini: acheni kuzitia beking poda

"Bila beking poda zitakuwa mawe." Desemba ikikaribia, kila mteja hapa Dodoma ana wimbo huo, na ndio unaoharibu biskuti nyingi za mti wa Krismasi kabla hazijafika mtini.

Poda kazi yake ni kutoa gesi. Gesi ikifurisha donge, pembe za nyota zinaviringika na tundu la uzi linaziba. Tena mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, gesi hutanuka kuliko Dar es Salaam, kwa hiyo kipimo ulichopewa na shangazi wa Dar kinazidisha balaa. Biskuti iliyofura ina vishimo ndani. Uzi unaila taratibu, siku ya pili iko sakafuni.

Ulaini unatoka kwenye siagi, na kwenye mikono isiyokanda. Ukilikanda donge kama la chapati, gluteni (protini ya ngano inayofanya donge livutike) inakaza, na hapo ndipo mawe yanapozaliwa.

Chukua unga wa ngano gramu 500, siagi 250, sukari laini 200, yai moja na chumvi kidogo. Soma mfuko wa unga: upo unaouzwa ukiwa na poda tayari. Siagi iwe laini, isiyeyushwe. Ichanganye na sukari basi. Ukiipiga mpaka iwe nyeupe kama ya keki, umeingiza hewa, yaani umefanya kazi ya poda kwa mwiko. Tia yai, kisha unga, na ukishikana tu, acha. Sukuma unene wa milimita 5. Kata, toboa kwa mrija wa soda sentimita 1 kutoka ukingoni, weka kwenye friji nusu saa, halafu oka nyuzi 170 kwa dakika 12 hadi 15, kingo zikianza tu kupata rangi. Jiko la mkaa linafaa: moto mwingi juu ya mfuniko, chini makaa machache. Wengi hufanya kinyume, wakapata biskuti nyeusi chini na mbichi juu.

"Nitatoboa zikishaiva." Utazipasua. Tundu likiziba, lifungue kwa kijiti cha mshikaki mara tu trei inapotoka motoni. Zikipoa umechelewa: ufa mwembamba usiouona utakimbia hadi ukingoni.

"Dodoma ni kavu, hazitalainika." Hiyo ni Agosti! Mwisho wa mwaka mvua zimeanza, na sukari huvuta unyevu. Zihifadhi kwenye kopo linalofunga, uzitundike mkesha wa sikukuu, si wiki mbili kabla.

"Aisingi lazima iwe na ute wa yai." Si lazima, na ute mbichi kwenye kitu watakachokula watoto siupendi hata kidogo. Sukari ya aisingi gramu 200 na vijiko 2 vya chakula vya maji zinatosha. Paka biskuti zikiwa zimepoa kabisa, ziache zikauke usiku kucha, ndipo upitishe uzi.

"Sisimizi? Puliza dawa tu." Biskuti iliyopuliziwa dawa ya wadudu si chakula tena. Kama sebule yenu hupulizwa dawa ya mbu kila jioni, waambieni watoto mapema: za mtini ni pambo, za kula ziko kwenye kopo.