Je, wajua kwa nini kuipunguzia ruta kasi kunaweza kuufanya mtandao wa nyumbani uwe mwepesi?

Mtu mmoja nyumbani anapoanza kupakia video ndefu, mwenzake aliye katika simu ya video husikia sauti ikikatika, ingawa laini ilipopimwa muda mfupi uliopita ilionekana kuwa na kasi ya kutosha. Mara nyingi kinachosumbua hapo ni foleni. Modemu, kifaa kinachoiunganisha ruta na laini ya mtandao, huwa na kumbukumbu ya kuhifadhi pakiti (vipande vidogo vya data) zinazosubiri kutumwa, na kumbukumbu hiyo ikiwa kubwa mno, kompyuta inayopakia huendelea kuongeza mwendo kwa sababu haioni pakiti yoyote ikipotea, na upotevu huo ndio ishara ya kawaida ya kuiambia ipunguze. Chukua laini inayopakia megabiti 1 kwa sekunde na modemu yenye kumbukumbu ya kilobaiti 256: ikijaa, kipakiti kidogo cha sauti kinachofika mwisho wa foleni hungoja takriban sekunde 2, na hakuna mazungumzo yanayoweza kustahimili hilo.

OpenWrt, programu endeshi huria ya ruta iliyoanza mwaka 2004, ina kifurushi kiitwacho SQM (Smart Queue Management, yaani usimamizi mahiri wa foleni) kwa ajili ya tatizo hili. Ndani yake mna kanuni kama fq_codel, ambayo hutenganisha mikondo ya data ili mkubwa usiuzibe mdogo, na ambayo haijali urefu wa foleni bali muda ambao pakiti imengoja: ukizidi milisekunde 5 mfululizo kwa kipindi cha milisekunde 100, huanza kuangusha pakiti au kuzitia alama ili mtumaji apunguze mwendo. Mrithi wake, CAKE, aliingizwa katika Linux, mfumo ambao OpenWrt imejengwa juu yake, toleo la 4.19 mwaka 2018.

Hata hivyo, kanuni hizi hutawala foleni iliyo ndani ya ruta tu. Ruta ikituma kwa kasi kuliko laini inavyoweza kubeba, foleni hujijenga kwenye modemu, mahali ambapo OpenWrt haina mamlaka. Ndiyo maana mtumiaji huiwekea ruta kikomo kilicho chini kidogo ya kasi halisi ya laini: sehemu ndogo ya kasi hutolewa ili foleni ihamie mahali inapoweza kusimamiwa. Kwa upande wa kupakua kazi ni ngumu zaidi, kwa kuwa pakiti huwa zimekwisha kupita kwenye laini kabla ya ruta kuziona, na kwa hiyo upande huo kwa kawaida huhitaji nafasi kubwa zaidi kati ya kikomo na kasi halisi.

Kupima kunataka subira. Unganisha kompyuta kwa waya, kwa sababu Wi-Fi ina foleni zake zitakazokupotosha. SQM ikiwa imezimwa, pima kasi ya laini, kisha endesha amri ya ping, inayopima muda wa pakiti kwenda na kurudi, mfululizo kuelekea seva ya karibu wakati mtandao umetulia. Tuseme inaonyesha milisekunde 20. Anza kupakia faili kubwa huku ukitazama namba hizo. Zikipanda hadi mamia, foleni umeiona kwa macho yako. Sasa washa SQM kwa asilimia 90 ya kasi uliyopima, rudia jaribio lile lile, halafu pandisha kikomo kidogo kidogo hadi namba zianze kuyumba, na urudi hatua moja nyuma. Pima kupakua peke yake, kisha pande zote mbili kwa pamoja.

Wakati huo huo tazama prosesa ya ruta kwa amri ya top. Ikiwa haibakiwi na nafasi hata kidogo, kasi unayopata imewekewa mpaka na prosesa yenyewe, na hapo kubadilisha kikomo hakutasaidia. Jaribio pia lirudiwe saa za jioni, kwa kuwa kikomo kilichopatikana alfajiri huwa kikubwa mno pale laini inapopungua nguvu, na foleni hurudi kwenye modemu kimyakimya.