Kuoza kwa atomu na umbali wa Jua: dai, vipimo na hali ya hewa

Kiini cha atomu yenye mionzi huoza chenyewe, bila kusukumwa na kitu cha nje. Kiini kipi kitaoza sekunde ijayo hakijulikani, lakini vikiwa mabilioni kasi yake hujulikana barabara. Nusumaisha, yaani muda wa nusu ya viini kuoza, ni miaka 5.27 kwa kobalti-60, miaka 30 hivi kwa sesiamu-137, na miaka 1,600 kwa radiamu-226. Kwa sababu hiyo mtaalamu wa tiba ya mionzi, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala au kwingineko, huondoa asilimia 1.1 kila mwezi kwenye nguvu ya chanzo cha kobalti bila kuuliza Dunia imefika wapi katika obiti, yaani njia yake ya kulizunguka Jua.

Kuanzia 2008, Jere Jenkins na Ephraim Fischbach wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walidai kwamba swali hilo lapaswa kuulizwa. Walichambua vipimo vya silikoni-32 vilivyofanywa katika maabara ya Brookhaven, Marekani, na vya radiamu-226 vya maabara ya taifa ya vipimo ya Ujerumani. Hesabu zilipanda na kushuka kila mwaka kwa takriban sehemu 1 katika 1,000. Mwanzoni mwa Januari Dunia iko kilomita milioni 147.1 kutoka kwenye Jua, na mwanzoni mwa Julai milioni 152.1, hivyo nyutrino za Jua (chembe ndogo mno zinazopenya karibu kila kitu) zinazotufikia hutofautiana kwa karibu asilimia 7. Walipendekeza kwamba huenda nyutrino hizo ndizo zinazogusa kasi ya kuoza.

Udhaifu ni kwamba katika nchi za kaskazini Januari ni baridi na Julai ni joto, na kihesabio cha mionzi huhisi hali ya hewa. Huko Brookhaven silikoni ililinganishwa na klorini-36 ndani ya kihesabio kilekile ili kasoro za mashine zijifute. Hazikufutika zote. Chembe za beta za klorini, yaani elektroni zinazorushwa na kiini kinapooza, zina nishati ndogo, kwa hiyo hewa iliyo kati ya chanzo na kihesabio huzizuia zaidi. Hewa ya joto na yenye unyevu ni nyepesi kuliko hewa baridi na kavu, hivyo wakati wa joto beta nyingi zaidi za klorini hupenya na uwiano wa silikoni kwa klorini hushuka. Tena kilele cha uwiano huo kilichelewa wiki kadhaa baada ya Dunia kulikaribia Jua. Obiti haina sababu ya kuchelewa.

Umeme nao una mchango wake. Kihesabio cha Geiger kikishahesabu chembe moja huziba kwa takriban sekunde 0.0001, hivyo kwenye chembe 1,000 kwa sekunde kinapoteza karibu moja katika kila kumi. Volti ikibadilisha muda huo wa kuziba kwa asilimia 1 tu, hesabu huyumba kwa sehemu 1 katika 1,000, kiasi kilekile kilichodaiwa.

Chombo cha anga cha Cassini kilibeba plutoniamu-238 ya kukipa umeme, huku umbali wake kutoka kwenye Jua ukibadilika zaidi kuliko unavyobadilika wa Dunia, na nguvu yake haikuonyesha mabadiliko hayo. Mwaka 2016 Stefaan Pommé na wenzake walikusanya vipimo vya maabara 14. Vile thabiti zaidi viliweka kikomo cha juu kati ya asilimia 0.0006 na 0.008. Kwa ushahidi huo dai limeanguka. Kasi ya kuoza hubadilika kweli pale elektroni zinapohusika moja kwa moja: reniamu-187 iliyovuliwa elektroni zote ina nusumaisha ya miaka 33 hivi, badala ya zaidi ya miaka bilioni 40.

Anayetaka kujipimia mwenyewe, kusini mwa Uganda ni mahali pazuri kuliko Ulaya. Joto la Kampala halibadiliki sana mwaka mzima, na mvua huwa na vilele viwili, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Januari na Julai zote huangukia kiangazi. Unyevu ukivuruga kihesabio utaleta mawimbi mawili kwa mwaka. Obiti ingeleta moja.

Tumia sesiamu-137 yenye kibali cha Baraza la Nishati ya Atomiki la Uganda. Funga chanzo na kihesabio pamoja visisogee hata kidogo, maana kusogea nusu milimita kwa chanzo kilicho sentimita 10 ni asilimia 1 nzima. Kila wiki kusanya chembe milioni 25, yaani saa 7 kwa kasi ya 1,000 kwa sekunde. Hapo yumbo la bahati nasibu hubaki asilimia 0.02. Pima pia mionzi ya chumba bila chanzo, na uandike joto, unyevu, shinikizo la hewa na volti. Kisha ondoa kuoza kwa kawaida, asilimia 1.15 kwa miezi sita, ambako ni zaidi ya mara kumi ya kile unachokitafuta. Endelea miaka miwili angalau, kwa sababu mwaka mmoja hautenganishi wimbi na kuchakaa kwa mashine.