Galla Placidia: uvumi na ukweli kuhusu binti wa Kaizari Theodosius

"Amezikwa Ravenna."
Watalii huingia katika jengo dogo la matofali lenye umbo la msalaba, kaskazini mwa Italia, wakakodolea macho nyota za dhahabu kwenye dari la buluu, kisha wakatoka wakidhani wamezuru kaburi lake. Jengo ni la karne ya 5 kweli, na lilishikana na kanisa la Santa Croce alilolijenga mwenyewe. Lakini Placidia alifia Roma, tarehe 27 Novemba 450, na wanahistoria wengi wanaona alizikwa huko huko, kwenye kaburi la ukoo wake kando ya Basilika ya Mtakatifu Petro.

"Wagothi walimwoza kwa nguvu."
Mateka alikuwa, hilo halina ubishi: alichukuliwa wakati Alaric, mfalme wa Wagothi (kabila la Kijerumani), alipoiteka Roma, mwaka 410. Ila harusi yake na Athaulf, aliyemrithi Alaric, mjini Narbonne, Januari 414, haikufanana na unyakuzi. Olympiodorus, mwandishi wa zama hizo, anasema bwana harusi alivaa Kirumi, na vijana 50 waliovalia hariri wakaleta kila mmoja sinia mbili, moja ya dhahabu na nyingine ya vito. Sehemu ya mali hiyo ilikuwa nyara za Roma. Bibi harusi alitunzwa vitu vya kwao! Mtoto wao wakamwita Theodosius, jina la babu yake mzaa mama, naye akafa angali mchanga.

Athaulf aliuawa 415. Aliyemrithi, Sigeric, alimswaga mjane huyo kwa miguu mbele ya farasi wake pamoja na mateka wengine. Mwaka uliofuata Wagothi walimrudisha kwa Warumi, nao wakapewa nafaka vipimo 600,000.

Ndoa ya kulazimishwa ipo, ila ni ya pili. Januari Mosi 417, kaka yake, Kaizari Honorius, alimshika mkono akamkabidhi kwa jenerali Constantius, ilhali mwenyewe hamtaki. Yaani waliomlazimisha ni watu wa kwao.

"Alimwita Attila."
Huyo ni bintiye, Honoria, aliyempelekea mfalme wa Wahunni pete. Mama mtu alichofanya ni kumsihi mwanawe, Kaizari Valentinian III, amwachie dada yake.

"Aliipoteza Afrika."
Alitawala kwa niaba ya Valentinian kuanzia 425, kijana akiwa na miaka 6, hadi 437. Wavandali, kabila jingine la Kijerumani, walivuka bahari kuingia Afrika 429, ndiyo, lakini Carthage, mji mkuu wa Afrika ya Kirumi, ilianguka 439. Na kisa cha jenerali Aetius kumlaghai Placidia amgeuke Bonifacius, jenerali wa Kirumi huko Afrika, kinatoka kwa mwanahistoria Procopius, aliyeandika zaidi ya miaka 100 baadaye.

Wanaotaka kumlaumu wana hoja nzito zaidi, ingawa haisemwi sana. Mwaka 408, Seneti ilipoamua kumnyonga Serena, binamu yake ambaye huenda ndiye aliyemlea, Placidia aliafiki.