Je, wajua kwanini mjamzito anakatwa nywele ili apimwe zebaki?

Ukisikia mama kashiriki utafiti wa afya akarudi nyumbani kakatwa kishungi cha nywele kisogoni unaweza kudhani ni mambo ya waganga, kumbe wanasoma mimba yake yote mwezi kwa mwezi.

Iko hivi. Zebaki ni madini yenye sumu, na ile ya kwenye samaki ikishafika kwenye damu inaingia na kwenye unywele pale unapoota, na ikishakaa humo haitoki kirahisi. Nywele zinaota kama sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo mama akishajifungua wanakata karibu kabisa na ngozi, wanafunga uzi upande wa shina wasije wakachanganya, halafu wanagawa vipande vya sentimita moja moja, cha kwanza ni mwezi ulioisha, cha tisa ni mimba inaanza, kipindi ambacho mwenyewe hata hajajua kama anayo! Damu haiwezi kurudi nyuma hivyo.

Na kwanini wajawazito hasa? Hiyo zebaki inapita kwenye kondo la nyuma bila shida, na damu ya kitovu cha mtoto mara nyingi inakutwa nayo nyingi kuliko ya mama yake, wakati ubongo ndo unajengwa. Inauma kwakweli. Visiwa vya Faroe, kule kaskazini mwa Ulaya ambako wanakula nyangumi, walipima waliojifungua 1986 na 1987, watoto walipofika miaka 7, wale ambao mama zao walikuwa na zebaki nyingi walikuwa nyuma kidogo kwenye lugha, kumbukumbu na umakini. Ila Shelisheli, majirani zetu wa Bahari ya Hindi, mama wanakula samaki kama mara 12 kwa wiki na watoto hawakuonekana kudhurika, kwa hiyo wajawazito msiache samaki jamani, kuleni dagaa, papa na nduaro ndo muwaweke pembeni.

Shida ni kwamba nywele hazifai kwa kila sumu. Kule wanakochoma dhahabu iliyokamatwa kwa zebaki, mvuke wake unaganda kwenye nywele kwa nje, sasa utajuaje ipi imetoka mwilini? Zebaki ya mkorogo nayo inatafutwa kwenye mkojo. Ndo maana watafiti waliopima wajawazito kwenye maeneo ya wachimbaji wadogo kaskazini mwa Tanzania walichukua mkojo kwa ajili ya aseniki, sumu nyingine, maana hiyo inatoka mwilini ndani ya siku chache, na kwa zebaki wakachukua matone ya damu yakakaushwa kwenye karatasi, hayagombanii friji ya zahanati, unayatia kwenye bahasha yanasafiri kutoka kijijini mpaka maabara.