Fistula ya haja kubwa: jipu linalofunga na kurudi palepale

Jipu linatoka pembeni ya tundu la haja kubwa, linapasuka, usaha unatoka, maumivu yanaisha, kidonda kinafunga. Baada ya wiki au miezi, palepale panavimba tena. Mwenye hali hii huambiwa ni bawasiri, akazunguka na dawa za bawasiri kuanzia duka la dawa hadi kwa mganga bila nafuu. Mara nyingi ana fistula: kijia chembamba kilichojichimba chini ya ngozi, mdomo mmoja ukiwa ndani ya njia ya haja kubwa, wa pili ukiwa nje kwenye ngozi. Isichanganywe na fistula ya uzazi, inayompata mama baada ya uchungu wa muda mrefu akaanza kuvuja mkojo au kinyesi ukeni. Fistula ya haja kubwa huwapata wanawake na wanaume, na wanaume ndio wengi zaidi.

Chanzo chake kwa kawaida ni tezi ndogo zinazotoa ute, zilizoko kama sentimita 2 kutoka nje. Tezi moja ikiziba, bakteria wa kinyesi huzaliana humo, usaha hujaa na kutafuta pa kutokea kupitia kwenye misuli. Hilo ndilo jipu. Likishatumbuka, wengi hupona moja kwa moja, lakini takriban theluthi moja au zaidi hubaki na kijia. Vidonge vya kuua bakteria hupunguza uvimbe kwa siku chache tu, kwa sababu mdomo wa ndani unaendelea kupokea uchafu kila siku. Ni sawa na shimo la panya: ukiziba tundu la nje huku la ndani liko wazi, atatokea pengine.

Kifua kikuu nacho huweza kutoboa kijia cha namna hii, pia ugonjwa wa Crohn wa utumbo na, mara chache, saratani. Ndiyo maana daktari makini hukata kipande cha nyama ya kijia na kukipeleka maabara, akapima pia VVU na sukari. Fistula ya kifua kikuu haiponi kwa kisu peke yake. Mgonjwa hunywa dawa za TB, ambazo nchini Tanzania hutolewa bure.

Dalili zinatofautiana. Bawasiri hutoa damu mbichi wakati wa haja, pengine na kinyama kinachochomoza. Mchaniko wa ngozi ya tundu la haja kubwa huuma kama wembe kinyesi kinapopita. Fistula huacha usaha kwenye nguo ya ndani, wenye harufu, pamoja na muwasho na kipele au kitundu ambacho kidole kinaweza kukigusa. Maumivu hupanda kitundu kikiziba na kushuka kikifunguka.

Daktari wa upasuaji hupapasa kwa kidole na kuangalia ndani kwa kifaa maalumu. Kitundu kikiwa upande wa mbele, kijia mara nyingi hunyooka kuingia ndani. Kikiwa nyuma, hupinda hadi katikati. Fistula iliyorudi, au yenye matawi, inahitaji kipimo cha MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, kabla ya kuguswa. Kusini mwa nchi mtu anaweza kuanzia hospitali za Ligula mjini Mtwara, Sokoine mjini Lindi, Ndanda au Nyangao, na akipewa rufaa aende nayo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini au Muhimbili.

Tiba ni upasuaji, na kinachoamua aina yake ni misuli. Misuli miwili ya duara, wa ndani na wa nje, ndiyo inayozuia haja isitoke ovyo. Kijia kikipita chini, kikagusa sehemu ndogo tu ya misuli, daktari hukipasua chote kikawa mfereji ulio wazi, chini ya ganzi ya mgongo. Kidonda hakishonwi: lazima kijae nyama kuanzia chini kuja juu, kwa kawaida wiki 4 hadi 8. Kikishonwa, au ngozi ikiwahi kufunga juu, usaha unabaki chini na safari inaanza upya.

Kijia kikipita juu, kikaligusa fungu kubwa la misuli, kukipasua ni kumwachia mgonjwa tatizo la kushindwa kuzuia upepo au kinyesi. Hapo huwekwa seton, uzi unaopitishwa ndani ya kijia na kufungwa kama pete, usaha uendelee kutoka na uvimbe utulie. Uzi hukaa wiki 6 hadi 12, pengine miezi zaidi, ndipo upasuaji wa pili ukafanyika kwa njia inayoacha misuli salama. Wengi huukata wenyewe wakidhani umesahaulika. Usiukate, ukikatika, rudi hospitali.

Nyumbani, kalia beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15, mara 2 au 3 kwa siku na kila baada ya haja. Dettol haihitajiki, inaunguza nyama changa. Kausha kwa kugusagusa, weka gozi au pedi, ubadilishe ikilowa. Choo kiwe laini: maji ya kutosha, papai, kisamvu, mbaazi, kunde, na dawa ya kulainisha uliyoandikiwa. Kazi nzito shambani na safari ndefu za bodaboda zisubiri ruhusa ya daktari, hata kama msimu wa korosho umefika. Usitie kidondani majivu, unga wa mizizi wala dawa yoyote inayochoma. Huunguza nyama na kuacha kovu linalokaza njia.

Homa, uvimbe unaokua haraka, kushindwa kukojoa, au ngozi ya pumbu au sehemu za siri kugeuka nyeusi ni dharura ya siku hiyohiyo, hasa kwa mwenye kisukari.