James Webb haina lenzi ya uvutano

Kila redio za hapa Mbeya zinapogusia picha za James Webb, kauli ni ileile: darubini hiyo "ina lenzi ya uvutano inayozivuta karibu galaksi za mwanzo wa ulimwengu". Sasa nimeanza kuisikia hata kwa vijana wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), na hapo uvumilivu umeniishia.

Maana ya lenzi ya uvutano ni fupi. Kitu chenye tungamo kubwa, yaani maada nyingi, hupinda njia ya mwanga unaopita kando yake. Kundi la galaksi likikaa kati yetu na galaksi hafifu iliyo mbali zaidi, picha ya ile ya nyuma hutanuka na mwanga mwingi zaidi hutufikia. Basi.

Sasa lenzi ni ya nani? Webb, iliyorushwa Desemba 25, 2021, ina kioo cha mita 6.5 na kazi yake ni kupokea mwanga. Lenzi ni kundi lenyewe, kwa mfano Abell 2744, lililo umbali wa miaka nuru bilioni 4 hivi. Hakuna awezaye kuligeuza au kulisogeza. Wataalamu huelekeza darubini huko na kupokea kile kilichobahatika kuwa nyuma yake. Einstein mwenyewe aliandika mwaka 1936 kwamba hakuna matumaini ya kuona nyota ikiwa lenzi ya nyota nyingine. Mwaka uliofuata mwanaastronomia Fritz Zwicky akasema tujaribu galaksi. Lenzi ya kwanza ya namna hiyo ilipatikana mwaka 1979.

Halafu hilo neno "kuvuta karibu". Miwani ya kusomea hupinda zaidi mwanga unaopita pembeni, ndiyo maana inaukusanya mahali pamoja. Lenzi ya uvutano ni kinyume: mwanga unaopita karibu na kitovu ndio unaopindwa zaidi, kwa hiyo haina fokasi, yaani mahali pamoja pa kuukusanya mwanga. Chukua glasi ya mvinyo yenye mguu, tazama mshumaa kupitia kitako chake: mwali unageuka upinde, au pete, au vipande viwili vitatu. Hivyo ndivyo ilivyo ile mistari iliyopindapinda kwenye zile picha. Tena ung'avu wa kila kipande hauongezeki hata kidogo. Kinachoongezeka ni eneo, na kwa hiyo jumla ya mwanga. Wala lenzi haiifanyi galaksi kuwa nyekundu. Wekundu huo unatokana na ulimwengu kutanuka wakati mwanga ukiwa njiani.

Hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu: galaksi moja inaweza kutokea mara tatu au zaidi kwenye picha ileile, kila nakala ikiwa imepita njia yake. Njia hazilingani urefu, kwa hiyo nakala hazifiki pamoja. Mwaka 2014 darubini ya Hubble iliona nyota iliyolipuka, ikaitwa Refsdal, katika nakala nne nyuma ya kundi moja. Wataalamu wakakokotoa tungamo la kundi hilo, wakasema nakala nyingine inakuja. Desemba 2015 ikatokea.

Hesabu hiyohiyo ya tungamo ndiyo inayotumika kujua galaksi ya nyuma ni ndogo kiasi gani kweli, maana ukubwa unaouona ni wa kukuzwa. Sehemu kubwa ya tungamo hilo haitoi mwanga wowote, kwa hiyo makadirio ya ukuzaji hubadilika kila ramani mpya inapotoka. Mtu akikutajia wingi wa nyota za galaksi hizo bila kutaja ukuzaji, muulize kwanza.

Abell 2744 nayo huonekana upande wetu vizuri. Mwishoni mwa Oktoba, kwenye saa nne usiku, ukisimama kwenye uwanda wa juu wa Kitulo ukatazama kusini juu sana, ndiko iliko, ingawa kwa macho hutaona kitu. Ukimwonyesha mtu huko, mwambie: lenzi ni hiyo hapo juu. Webb ni mpokeaji tu.