Oili ya gia otomatiki haipimwi kama oili ya injini

Jana nimeletewa tena gari ambalo gia zake zinateleza, na mwenyewe akaniapia kwamba oili ya giaboksi imejaa, kwa kuwa aliipima alfajiri kabla ya kuwasha injini. Hapo ndipo kosa lilipo. Injini ikizimwa, sehemu ya oili iliyokuwa ndani ya torki konveta (kifaa kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi kwa kutumia oili) hurudi chini kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya giaboksi, hivyo kijiti cha kupimia huonyesha kiwango kikubwa kuliko kile ambacho pampu inakipata gia inapofanya kazi.

Kwa magari mengi yenye kijiti, gari huendeshwa kwanza hadi oili ipate joto la kazi, takriban nyuzi 80 za Selsiasi, kisha husimamishwa mahali tambarare injini ikiendelea kuunguruma. Kanyaga breki, pitisha mpini wa gia kwenye kila nafasi, urudishe P (ya kuegesha), ndipo uchomoe kijiti, ukifute na kupima. Honda nyingi hupimwa mara tu baada ya injini kuzimwa ikiwa ya moto, kwa hiyo kitabu cha gari ndicho chenye kauli ya mwisho.

Linaloniudhi zaidi ni imani kwamba kuzidisha kidogo ni usalama. Oili hutanuka inapopata joto, na ndiyo maana kijiti kina alama za baridi na za moto; ukijaza ya baridi hadi alama ya moto, umeizidisha. Ikizidi, sehemu zinazozunguka huifikia na kuichapa mpaka itoe povu, na povu lina hewa, na hewa hubonyea. Shinikizo la oili hushuka, klachi za ndani ya giaboksi huteleza na kuungua, yaani dalili zilezile za oili pungufu, na mwenye gari huongeza nyingine.

Giaboksi haiunguzi oili kama injini. Ikipungua, tafuta panapovuja kabla ya kuongeza chochote. Giaboksi isiyo na kijiti mara nyingi hupimwa kwa tundu la chini, kwa joto alilotaja mtengenezaji, na kazi hiyo mwachie fundi mwenye kifaa cha kusoma joto.

Nina shaka moja ambayo sijaimaliza: oili iliyokaa miaka mingi bila kubadilishwa, ikawa nyeusi na kunuka kuungua. Nimewahi kuibadilisha gia zikatulia, na nimewahi kuibadilisha gia zikaanza kuteleza wiki hiyohiyo. Siku hizi humweleza mwenye gari yote mawili kabla sijafungua nati.